Tulidhani ni Mashi

Vijana wanaofanya kazi ghorofa ya pili ya nyumba yetu ya wazee waliniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa. Nikawajibu kwamba kazi yetu ni kuamsha wazee, kuwaosha, kuwavisha na kuwalisha, imeisha, nendeni mkafanye. Walicheka. Lakini jambo lililotokea siku ya sherehe yangu ya kustaafu limenikaa kooni mpaka leo, na siwezi kulieleza bila kuanzia mwanzo. Naandika Kiswahili cha vitabu kwa sababu Neema, mwenzetu wa Mwanza, amekubali kupitia kila ukurasa. Nimemruhusu anisahihishe mimi. Maneno ya watu wengine nimemkataza kuyagusa.

Jina langu ni Mujinga. Wanaojua Kiswahili cha Tanzania wacheke sasa wamalize. Kwetu Lubumbashi ni jina la heshima, hupewa mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni, nami nimelibeba miaka yote bila aibu. Neema alipoanza kazi alikataa katakata kuniita hivyo mbele ya wazee. Alisema kwao angeonekana anamtukana mtu mzima, kwa hiyo akawa ananiita "mama" tu, na mpaka leo ndivyo anavyoniita.

Nilianza katika nyumba ya wazee huko Forest, mjini Brussels, kwenye njia ya tramu inayoelekea kiwanda cha magari. Kiwanda chenyewe kimefungwa sasa, lakini wakati ule tramu ya asubuhi ilijaa wanaume wa pale na wanawake wa kwetu, wote tunasinzia. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya. Kufika saa nne nilikuwa natembea kwa visigino, na mwanamke aliyepewa kazi ya kunifundisha alinitazama miguu kabla hajanitazama uso.

"Bon," alisema. "Kesho uvae ya zamani. Hawa bazee hawaangalie viatu. Banaangalia mikono."

Huyo ndiye Maman Nabintu. Mshi wa Bukavu, mrefu, sauti nzito, aliyefika Ubelgiji kama mkimbizi kabla yangu, na tayari alikuwa anajua kila kabati la nyumba ile. Lugha ya mama yake ni Mashi, ambayo mimi mtu wa Katanga sielewi hata salamu. Mimi na yeye tuliongea Kiswahili, na hicho nacho kilitugombanisha. Mimi nikisema "njo vile" badala ya "ndivyo hivyo" yeye anashika kiuno anacheka. "Banyinyi ba Lubumbashi," alikuwa akisema, "Kiswahili ilikuya kwenu na treni, nusu ikabakia mu njia." Nami nilimjibu kwamba chao cha Bukavu kilianguka ziwani, wakakianika, hakijakauka. Tulikuwa tunabishana hivyo huku tunatandika vitanda, na vitanda vilitandikwa vizuri.

Alinifundisha vyombo kabla ya watu. Kitambaa cha kuogeshea, kile kilichoshonwa kama mfuko unaoingiza mkono: kimoja cha uso, kingine cha mwili, na ole wako akikuona umevichanganya. Kisha mashine ya kuinulia wagonjwa, ile yenye mkono wa chuma na kitambaa kikubwa cha kumbebea mtu. Nilidhani atanionyesha vifungo. Badala yake aliniambia nilale kitandani, akanifunga, akaniinua hewani, akaniacha nikining'inia huku akienda kunywa kahawa yake. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kiluba. Aliporudi alinishusha polepole.

"Donc sasa unajua namna anasikia," alisema. "Ukimuinua mutu, usimuache peke yake hata kidogo."

Kisha akanifundisha asubuhi yake. Kabla ya kufungua pazia, kabla ya maji, alisimama mbele ya mzee na kumwomba vitu vitatu. Nipe kicheko. Nipe mikono yote miwili. Niambie leo utakula nini. Wengi walidhani ni utani wake, na wazee waliupenda, hata wale wakali walikuwa wanamngojea. Lakini haukuwa utani. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukianguka, maneno yakija yamevurugika, hakusubiri kuosha uso. Alibonyeza kengele ya muuguzi hapo hapo. AVC, tunasema sisi tuliosomea Kifaransa. Neema anasema kiharusi. Damu imeziba njia kichwani, au mshipa umepasuka, na kila dakika unayokaa ukijiuliza, kitu kingine ndani ya ubongo kinakufa.

Sikuamini kwamba mtu anaweza kukosa kuona jambo kama hilo, mpaka nilipompata Bwana wa chumba cha kona. Alikuwa mwalimu wa hesabu zamani, mtu wa tai kila siku. Asubuhi moja nilimkuta amekaa mezani, amejivalisha mwenyewe, ananisalimia vizuri, anacheka vizuri. Nikasema huyu mzima. Nilipomwomba mikono alinipa mmoja. Nikamwomba wa pili, akaniambia nisimsumbue. Nikainua kitambaa cha meza. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala pajani, na alikuwa ameufunika kwa leso ili nisiuone. Ulikuwa hivyo tangu jana yake jioni. Alikuwa anaona haya! Mtu msomi, anajua hesabu zote za dunia, ameficha mkono wake usiku mzima akitumaini utarudi wenyewe. Haukurudi. Tangu hapo sijawahi kukubali mkono mmoja.

Kuna kesi nyingine lazima niiseme, kwa sababu yote yaliyofuata yalipita hapo. Tulikuwa na bibi mmoja Mflamandi, Mbelgiji wa kaskazini, aliyeishi na kuongea Kifaransa maisha yake yote mjini Brussels. Siku moja alianza kuongea Kiflamandi tu. Mimi nikakimbilia kengele. Muuguzi akaja, daktari akaja, wakampima, wakakuta ni mzima kabisa. Ilikuwa ni uzee tu, akili inarudi nyumbani. Yule bibi alikuwa analia kwa sababu tulimrukia wote mara moja. Nabintu alikaa karibu yake, akamshika mkono, akawa anaitikia "ja, mevrouw, ja, mevrouw," yaani ndiyo, bibi, na hicho ndicho kilikuwa Kiflamandi chake chote. Bibi akatulia.

"Mutu akirudi mu lugha ya mama yake," aliniambia baadaye kwenye korido, "usimukate. Haiko lazima usikie. Uitike tu. Anataka mutu wa kumuitikia."

Tuliushika ule mtindo kama sala. Nyumba yetu ilikuwa na wazee wa kila taifa: Mtaliano aliyerudi kwenye lugha ya kijiji chake, mama wa Morocco, Mhispania. Nasi wafanyakazi tulikuwa hivyo hivyo. Bijou wa Kinshasa na Lingala yake, Neema na Kiswahili chake kilichonyooka, mimi na changu cha treni. Mtu akipokea simu ya nyumbani akaanza lugha yake, unageuka, unampa nafasi, na akikuambia neno usilolijua unaitika. Ni adabu. Nimefanya kazi na watu wengi, na sijaona timu yenye adabu ya lugha kama yetu.

Nabintu alistaafu kabla yangu. Ilipofika zamu yangu, wakubwa wa kazi walinipa keki na maua na hotuba ambayo nadhani iliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Nabintu alisema hiyo si sherehe. Akatuita wote kwake Saint-Gilles, Jumapili baada ya misa, katika nyumba yake ya ghorofa ya tatu yenye ngazi nyembamba kiasi kwamba ukikutana na jirani, mmoja wenu lazima arudi nyuma. Jumamosi tulikuwa tumezunguka pamoja maduka ya Chaussée de Wavre tukinunua pondu, ambayo Neema anaiita kisamvu, samaki ya chumvi na kitenge ambacho hakukihitaji. Alinichosha. Alikuwa anatembea mbele yangu, mtu wa umri ule, ananiita niharakishe.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika ile salon, sebule yake, tulikuwa kama watu kumi, na wote, wote kabisa, tulikuwa watu wa kazi ile. Hapakuwa na mtu mmoja asiyejua zile ishara tatu. Kulikuwa na chakula, kulikuwa na muziki wa chini chini, Bijou anamkata kila mtu maneno kama kawaida yake. Katikati ya chakula simu ya Nabintu ikalia. Alikuwa Cibalonza, mdogo wake aliyebaki Bukavu. Kwa vita vilivyoko kule siku hizi, simu ya Bukavu ikilia mezani kila mtu anashusha sauti. Nabintu akatoka kwenye korido, akafunga mlango. Tulimsikia akiongea Mashi, akipanda, akigomba, akicheka. Kisha kimya.

Aliporudi alikaa kwenye kiti chake na kushika uma bila kula. Halafu akaanza kusema. Hakusema kwa nguvu, ila kama mtu anayeendelea na mazungumzo yake. "Kashindo male ya foti," alisema, au kitu kama hicho. "Nalimbe koro, ee, nalimbe." Na maneno yalikuwa yanapanda na kushuka, na mikono yake ikiyasindikiza, na mwisho wa kila sentensi alitutazama kama anayengoja jibu.

Bijou akacheka. "Maman Nabintu amerudi Bukavu!"

Neema alitabasamu lile tabasamu lake la adabu. Nami nilisema, "Eeh, maman."

Nabintu akanigeukia. Akasema tena, marefu zaidi. Nikaitika, "Eeh, maman, eeh." Nilidhani simu imeleta habari mbaya na hataki kuiharibu sherehe yangu kwa Kiswahili. Akanishika kifundo cha mkono, akakaza. Nikamfunika mkono wake na wangu. Mtu fulani akamwongezea pondu, akaisukuma sahani. Mtu mwingine akasema labda anataka nyama, akamwekea nyama. Mdomo wake ulikuwa umenyooka. Alikuwa anakaa wima, amejifunga kilemba chake vizuri. Wakaniimbia wimbo wa kuaga, na yeye aliimba pamoja nasi! Aliimba maneno sahihi, sauti sahihi, tukapiga makofi. Hakuna mtu aliyetuambia kazini kwamba wimbo unaweza kutoka mzima wakati maneno yamekwisha.

Kisha simu ikalia tena. Cibalonza. Nabintu aliichukua akaishika juu chini, akaitazama, akaishika tena vibaya. Bijou akamnyang'anya kwa utani, akabonyeza sauti isikike kwa wote, akaiweka mezani. Nabintu akainama juu yake akaongea. Aliongea kwa haraka, akiomba, hilo hata mimi niliona kwamba anaomba.

Bukavu ikanyamaza. Nilidhani laini imekatika.

"Dada," ilisema ile simu hatimaye. Ikasema kitu kwa Mashi, kifupi, swali. Nabintu akajibu. Ikauliza tena, na sauti sasa ilikuwa imepanda. Kisha Cibalonza akaanza kupiga kelele kwa Kiswahili, kwa sisi sote.

"Ni nani iko pale? Mutu anisikie! Huyu dada yangu anasema nini?"

"Ni mie Mujinga," nilisema. "Anakusemesha Mashi, maman."

"Haiko Mashi! Minakuambia haiko Mashi! Haiko kitu! Muko munafanya nini na dada yangu?"

Nimeona maiti, nimeona mengi katika kazi yangu, sijawahi kusikia neno likanipiga vile. Nilimtazama Neema. Neema alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Jamani," alisema. "Mimi nilidhani ni Kiswahili chenu cha Kongo."

"Nzambe na ngai!" Bijou alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Mie nilifikiri ni Swahili, wewe Mujinga si ulikuwa unaitika?"

Nilikuwa naitika. Kila mmoja alikuwa amemwachia lugha yake mwenzake. Mtanzania alidhani ni ya Wakongo, Mkinshasa alidhani ni ya watu wa mashariki, mtu wa Lubumbashi alidhani ni ya Washi, na Mshi pekee aliyekuwa mle ndani ndiye aliyekuwa anaugua. Watu kumi wa kazi moja, tunakula nyama!

Nilipiga magoti mbele yake. "Maman, cheka." Hakunielewa. Nikacheka mimi, akaniiga, na mdomo ulikuwa sawa, na kwa sekunde moja nilitaka kuamini. Nikanyoosha mikono yangu mbele, akanyoosha yake. Wa kushoto ukakaa. Wa kulia ukaanza kushuka polepole, kiganja kikigeuka, na yeye hakuutazama, hakujua kwamba unashuka.

"Niite jina langu," nilisema, nikijigusa kifua.

Alinitazama kwa upendo wote alio nao. "Kashindo," alisema, na akatikisa kichwa kama mtu aliyejibu vizuri.

Bijou alikuwa tayari anatoka jikoni na glasi ya maji na kidonge cha presha. Nilimfokea, namwomba msamaha tena hapa. Msimpe mtu wa hali hiyo kitu chochote mdomoni, si maji, si aspirini, si kidonge chake cha kila siku. Anaweza kupaliwa, na hujui kama ndani damu imeziba au imemwagika. Neema alikuwa ameshika funguo za gari lake, amesema yuko tayari, tutafika haraka kuliko wao. Hapana. Nilikuwa nimeshapiga 112, namba ya dharura. Ambulensi inapiga simu mbele, hospitali inajitayarisha, wanajua wakupeleke hospitali ipi. Gari la Neema lingetupeleka kwenye foleni ya mapokezi. Nilisema kwa Kifaransa, kwa sauti ambayo haikuwa yangu: mwanamke, anadhaniwa kuwa na AVC, maneno yamevurugika, mkono wa kulia unaanguka, Saint-Gilles, ghorofa ya tatu. Nikamtuma mtu mmoja akasimame barabarani, mwingine akafungue milango yote ya ngazi.

Walikuja upesi. Wawili, na mmoja alikuwa kijana wa Kibelgiji mwenye ndevu, mtulivu sana. Alimpima Nabintu presha na sukari huku akiongea naye kana kwamba wanaelewana. Kisha akatugeukia akauliza swali ambalo sisi wenyewe tumelijibu mara nyingi kwa ajili ya wazee wetu.

"Mara ya mwisho kumwona akiwa sawa ilikuwa saa ngapi?"

Tulianza kujibu wote kwa pamoja.

"Kuna dawa inayoweza kuyeyusha damu iliyoganda," alisema, sasa polepole zaidi, "lakini ina masaa yake. Yakipita, haitolewi, inaweza kumuua. Lazima nijue ilianza lini."

Neema akasema alikuwa sawa kanisani. Bijou akasema hata baada ya kanisa, alipopika. Mwingine akasema lakini wakati wa kuimba aliimba vizuri. Mwingine akasema, je, kwenye korido, ile simu ya kwanza, ilikuwa Mashi kweli? Tukatazamana. Tulimsikia wote kupitia mlango, akipanda, akigomba, akicheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuapa kwamba yale yalikuwa maneno. Kama yalikuwa upuuzi tangu kule korido, au kabla, tangu jikoni alipokuwa anajisemea peke yake? Yule kijana akatazama saa yake. Niliona anataka kuandika saa ya kanisani. Kanisani kulikuwa mbali sana nyuma, mbali kiasi cha kumnyima dawa.

"Mie!" ikasema meza. "Mie nilisema naye!"

Tulikuwa tumemsahau Cibalonza. Simu ilikuwa bado wazi kati ya sahani, na yeye kule Bukavu alikuwa anasikiliza yote, analia.

"Mumuambie ule muzungu. Mie nilisema naye mu simu ya kwanza, na alisema Mashi muzuri, muzuri kabisa! Alinigombeza juu ya watoto wa kaka yetu, eti nimebaacha baende kwa barabara na hali hii. Akaniuliza mvua. Akasema Mujinga amekuwa retraitée, haende tena kazi, atamusumbua kila siku. Tukaagana muzuri. Ni kisha ya pale ilianza!"

Niligeuza maneno yake kuwa Kifaransa neno kwa neno, hata lile la kunisumbua. Kijana akaomba simu ya Nabintu, akatazama saa ambayo ile simu ya kwanza ilikatika, akaiandika kwa kalamu kwenye glavu yake. Uso wake ulibadilika. "Twende," alimwambia mwenzake, "twende, twende." Wakamfunga kwenye kiti cha kubebea, na ngazi zile nyembamba zikawa hazitoshi kwao na mimi, nikabaki juu nikiona kilemba chake kikizunguka chini na chini.

Alipewa dawa. Daktari wa hospitali alituambia baadaye kwamba saa ile ndiyo iliyoamua. Bila hiyo wangekuwa wamebaki wakipiga picha za kichwa na kubishana. Usiku ule mkono wa kulia ulirudi. Maneno hayakurudi na mkono.

Vijana wa ghorofa ya pili, mliniomba niwaambie ninachojua. Zile ishara mnazijua; mimi pia nilizijua. Mdomo unaweza kunyooka na mkono ukawa haujaanguka bado, na mtu akaimba, akajifunga kilemba, na bado ni AVC. Mtu akikusemesha kwa lugha usiyoijua, usiridhike kwa kuitika. Muulize kitu kwa lugha mnayoongea wote wawili kila siku, jina lako, jina la mtoto wake, leo ni siku gani. Akishindwa, piga 112, na shika ile saa ya mwisho aliyokuwa mzima, muulize hata mtu aliye upande mwingine wa dunia. Na kama umekosea, ni mzima, ni uzee tu, basi umemkera bibi mmoja, atanuna, jioni atakusamehe. Mimi sasa nakera kila mtu. Bijou akinipigia na sauti nzito ya usingizi namuuliza jina langu.

Maneno ya Nabintu yalianza kurudi kwenye kituo cha mazoezi ya kusema, kidogo kidogo. Cibalonza alikuwa anampigia kila siku, na Mashi ndiyo iliyotangulia, halafu Kiswahili. Kifaransa, ambacho alikifanyia kazi maisha yake yote hapa, bado kiko mbali. Kwa hiyo nilikuwa naenda mimi kila alasiri ya mazoezi, nakaa pembeni ya mwalimu wake, nageuza. Mwalimu anaonyesha picha ya kikombe, Nabintu anasema kikombe, mimi nasema tasse. Sikuwahi kudhani nitastaafu niwe mkalimani.

Wiki iliyopita mwalimu alitoka kidogo. Nabintu alikuwa ameketi karibu na dirisha, ameshika ile picha ya kikombe bila kuiona. Sasa anasema polepole, anachagua kila neno, lakini anasema.

"Mujinga," alisema. "Ile siku. Juu ya nini mulinikatalia?"

"Tulikukatalia nini, maman?"

"Nilikuambia kichwa iko inanivunjika. Nilikushika mukono. Nilisema, ni AVC, Mujinga, ita 112. Nilisema, nilisema, nilisema. Nikasihi." Akapumzika. "Mukanipatia nyama."

Miezi yote hii nilidhani hakujua. Nilimshika mikono yote miwili, nikamwambia maman, nisamehe, tusamehe sisi wote, hatukusikia, tulidhani ni Mashi.

Alinitazama, na ule mshangao uliokuwa usoni mwake sijawahi kuuona kwa mtu yeyote.

"Mashi?" alisema. "Mie nilikuwa nasema Kiswahili."